MOSHI WA PORINI NA CHAKULA CHA ZIWA

Kila mwaka, mvua zikisha kukatika mwezi wa Mei, wenyeji wa Kigoma na Ujiji huona jambo lile lile. Milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hufifia siku baada ya siku, na ifikapo Agosti na Septemba mara nyingi haionekani kabisa. Jua la magharibi huwa jekundu kama kaa la moto, kisha hupotea kabla halijagusa maji. Wengi huita hali hiyo ukungu wa kiangazi, nao huendelea na kazi zao. Lakini huo si ukungu. Ni moshi wa mapori ya miombo yachomwayo moto katika nchi yetu na katika nchi za jirani, uliochanganyika na mavumbi ya udongo mkavu. Moshi huo na mavumbi hayo hayakai hewani milele. Hushuka chini, na kwa kuwa ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900, sehemu isiyo haba hushukia majini.

Leo twauliza: mavumbi hayo yakisha kuingia majini, hufanya kazi gani? Swali hili si la mabingwa peke yao. Ni swali la mvuvi wa Kibirizi, la mama anayeanika dagaa Katonga, na la mfanyakazi wa Tabora au Dar es Salaam ambaye mboga yake ya mwisho wa mwezi ni dagaa wa Kigoma. Tangu uvuvi uliposimamishwa ziwani kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, 2024, maneno yamekuwa mengi juu ya nyavu, taa na wavuvi wasiofuata sheria. Maneno hayo yana maana yake. Lakini ni wachache wanaoinua macho na kuitazama hewa iliyo juu ya ziwa, na sisi twaona kwamba hiyo ni kasoro. Atakaye kujua kwa nini chungu kimepungua chakula hana budi kuwatazama walaji, na pia kutazama kinachotiwa chunguni.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi ziwa linavyojilisha. Dagaa hula vijidudu vidogo vya majini. Vijidudu hivyo hula mimea midogo sana ielayo majini, ambayo jicho la mtu haliioni. Migebuka hula dagaa, na sisi twawala wote. Basi msingi wa nyumba nzima ni ile mimea midogo. Nayo, kama mahindi shambani, hutaka mwanga wa jua, hutaka naitrojeni na fosforasi, na hutaka chuma. Chuma chenyewe ni kidogo mno, lakini kikikosekana mmea hauwezi kutengeneza ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua.

Ziwa letu ni la pili duniani kwa kina. Mahali penye kina kikubwa pafikia mita 1,470. Lakini samaki hawakai katika kina hicho chote, kwa sababu chini ya mita 100 upande wa kaskazini, na chini ya mita 200 hivi upande wa kusini, maji hayana hewa ya oksijeni. Kila kinachokufa juu huzama na kuozea huko chini, pamoja na rutuba yake. Ndiyo kusema kwamba ziwa lina ghala kubwa iliyojaa, ila mlango wake ni mzito. Aufunguaye mlango huo ni upepo. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa Mpulungu maji baridi ya chini hupanda na rutuba yake. Upepo ukitulia, maji ya chini huyumba huku na huko kama maji yaliyo katika karai lililoinuliwa upande mmoja likaachwa. Hicho ndicho chakula kikuu cha ziwa. Chakula cha pili huletwa na mito kama Malagarasi na Ruzizi. Cha tatu hutoka hewani, nacho ndicho tunachokitaja leo.

Tuanze na chuma, maana habari yake ni ya ajabu. Mtu aliyepata kulima Kasulu au Uvinza anaujua udongo mwekundu. Wekundu ule ni chuma. Nchi yetu imejaa chuma katika kila kiganja cha udongo, lakini katika maji ya juu ya ziwa chuma kilichoyeyuka ni kidogo mno. Je, kwa nini? Jibu ni kutu. Bati la nyumba likiota kutu, mvua hulipiga miaka mingi na kutu isiyeyuke kama chumvi iyeyukavyo. Meli yetu ya Liemba ni shahidi mwingine. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915 na kuzamishwa mwaka 1916 wakati wa vita. Ilipoinuliwa mwaka 1924 ilikuwa imelala chini ya maji miaka 8 hivi, nayo bado ilikuwa meli, hata ikarudi kazini mwaka 1927. Chuma hakiliwi upesi na maji.

Wataalamu wa kemia hutueleza sababu yake. Chembe ya chuma iliyonyang'anywa elektroni 3 huwa kutu, na katika maji yenye oksijeni kutu hushikamana na kuzama. Chembe iliyonyang'anywa elektroni 2 tu huweza kuyeyuka; lakini ikikutana na oksijeni huporwa ile ya tatu, nayo pia hugeuka kutu. Mmea mdogo wa majini hauna meno. Hunywa kilichoyeyuka, na kisichoyeyuka hukiacha kipite. Kwa hiyo mavumbi mabichi ya udongo mwekundu yakianguka ziwani ni kama mahindi makavu yaliyowekwa mbele ya mtoto mchanga. Chakula kipo, wala mtoto hali. Katika mavumbi ya namna hiyo sehemu ya chuma iwezayo kuyeyuka kwa kawaida haifiki hata 1 katika 100.

Nani basi husaga mahindi hayo? Husagwa hewani, njiani, kabla hayajafika majini. Kila chembe ya vumbi isafiripo hujifunika utando mwembamba wa maji. Ndani ya utando huo huingia asidi zitokanazo na salfa ya makaa ya mawe na mafuta, na zile zitokanazo na naitrojeni ya moto wa porini. Asidi hizo huitafuna kutu polepole. Jua nalo hufanya kazi yake: mwanga wake huirudishia chembe ya chuma elektroni moja iliyokuwa imeporwa, nayo ikapata kuyeyuka. Kisha ndani ya moshi huzaliwa asidi ya oksaliki, ile ile iliyomo katika majani ya mchicha, ambayo watu huitumia kuondolea madoa ya kutu katika nguo. Asidi hiyo hukishika chuma mkono, kisirudi upesi kuwa kutu. Zaidi ya hayo, chuma kilichopita motoni, kikiwa katika majivu laini, mara nyingi huyeyuka kuliko chuma cha udongo mara nyingi zaidi. Tena moto mkubwa huinua pamoja na moshi mavumbi ya ardhi iliyoungua. Kwa ufupi, vumbi peke yake ni chakula kigumu, bali vumbi lililosafiri pamoja na moshi ni uji.

Elimu hii ilianzia baharini. Mwaka 1988 bingwa mmoja wa Marekani, John Martin, pamoja na mwenzake, walionyesha kwamba katika Pasifiki ya kaskazini mimea midogo ilikuwa na njaa ya chuma, ingawa rutuba nyingine ilikuwa tele. Mwaka 1993, mwaka aliofariki, wenzake walimwaga chuma kilichoyeyushwa katika bahari karibu na visiwa vya Galapagos. Waliporudia kazi hiyo mwaka 1995 maji yaligeuka kijani. Kisha moto wenyewe ukaleta ushahidi. Mapori ya Australia yalipoungua mwaka 2019 na 2020, moshi wake ulivuka maelfu ya kilomita mpaka bahari ya kusini, na mimea ya majini ikastawi mahali pakubwa kuliko Australia yenyewe. Wataalamu waliotangaza habari hiyo mwaka 2021 walitaja chuma kilichokuwa katika moshi kuwa sababu.

Pengine msomaji atasema kwamba Australia na Pasifiki ni mbali. Basi na turudi kwetu. Mwaka 2005 ulitolewa uchunguzi juu ya Ziwa Viktoria, ulioongozwa na Mtanzania Rashid Tamatamah, ukaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi iingiayo katika ziwa lile hutoka hewani. Mwaka 2018 watafiti wa TAFIRI wa Kigoma, wakishirikiana na wenzao wa China, walieleza kwamba mvua inyeshayo Kigoma huleta naitrojeni katika maji ya juu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka huo huo ulitangazwa uchunguzi mwingine uliofanywa katika misitu ya Kongo, ukionyesha kwamba moto wa porini huimwagia misitu hiyo naitrojeni nyingi. Na mwaka 2021 ukafuata mwingine uliosema hivyo hivyo juu ya fosforasi. Kuhusu chuma chenyewe, mwaka 2008 yalitolewa majaribio yaliyofanywa kwa maji ya Ziwa Tanganyika. Wataalamu waliyatia maji hayo katika vyombo, wakaongeza naitrojeni, fosforasi na chuma, wakatazama. Waliona kwamba mimea midogo haiitikii sawasawa. Jamii moja hutaka hiki na jamii nyingine hutaka kile, na chuma kilikuwa miongoni mwa vitu hivyo.

Neno hilo la mwisho ndilo la kushika. Ziwa si shamba la mmea mmoja. Atiaye mbolea ziwani hawezi kuchagua nani aile.

Sasa twafika mahali ambapo watu huweza kupotoka, nao huweza kupotoka kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya yule atakayesema: "Kumbe moshi ni mbolea ya ziwa! Basi tuchome." La hasha! Rutuba iliyomo katika moshi haikuumbwa hewani. Imetoka katika nyasi, majani na udongo wa mtu fulani. Kila naitrojeni na fosforasi inayoanguka ziwani kwa njia hiyo imeondoka katika shamba au malisho, na mkulima ndiye aliyeilipa bila kuulizwa. Tena kilima kilichoungua mwezi wa Septemba hubaki uchi, na mvua ya kwanza ikija huuchukua udongo wake mpaka katika miamba ya ufukweni, ambako samaki wengi wadogo wa ziwa hili hulisha na kutagia. Matope hufunika miamba hiyo na kufukuza samaki. Na hata huko mbali na pwani, chuma na fosforasi vikizidi huweza kuwapa nguvu viumbe wa kijani wanaojitwalia naitrojeni hewani, ambao hutanda majini upepo unapotulia mwisho wa kiangazi. Kazi yao hiyo hutaka chuma kingi. Lakini wingi wao si lazima uwe chakula kizuri cha vijidudu vinavyoliwa na dagaa. Wala hatujataja vifua vya watoto wanaovuta moshi ule miezi minne kila mwaka.

Njia ya pili ni ya mfanyabiashara atakayekuja na suala lake mkobani, akisema atatuuzia chuma cha kumwaga ziwani ili samaki waongezeke. Jambo hili si ndoto. Mwaka 2012, mbali na pwani ya Kanada, tani zipatazo 100 za chumvi ya chuma zilimwagwa baharini, nia ikitangazwa kuwa ni kuongeza samaki, na dunia ikalalamika. Tangu mwaka 2008 mataifa yaliyo katika mapatano ya London ya kulinda bahari yalikuwa yamekwisha kukubaliana kwamba kazi ya namna hiyo isifanywe ila kwa uchunguzi halali wa kisayansi. Bahari ni pana na mikondo yake huchukua makosa ikayatawanya. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na maji yake hukaa humo mamia ya miaka. Kosa litakalotiwa humu leo litarithiwa na vitukuu.

Njia ya tatu ni ya yule anayemtwisha mvuvi mzigo wote. Sisi hatumtetei mtu avuaye kwa nyavu zilizokatazwa. Huyo anakula mbegu ya wenzake. Lakini haki ni haki. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba kwa sababu ya kuongezeka joto, uzazi wa mimea midogo katika ziwa hili ulikuwa umepungua kwa kadiri ya asilimia 20, na kwamba upungufu huo ungeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 uchunguzi wa matope ya chini ya ziwa ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto lisilopata kuonekana kwa miaka 1,500. Na mwaka 2016 ulitolewa uchunguzi mwingine kwamba samaki walianza kupungua hata kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza katika miaka ya 1950. Maji ya juu yakiwa moto, mlango wa ghala huwa mzito zaidi na upepo hushindwa kuufungua. Moshi hauwezi kuufungua mlango huo. Wala hauwezi kuchukua mahali pa upepo.

Ndiyo sababu twasema kwamba habari ya hewani ina uzito mkubwa zaidi leo kuliko zamani. Ghala ya chini ikifunguka kidogo, kile kidogo kitokacho juu huwa na sauti kubwa zaidi katika kuamua ni mmea upi utakaostawi, na kwa hiyo ni samaki yupi. Mtu mwenye mshahara mnono hajali senti iliyookotwa njiani. Aliyepunguziwa mshahara huihesabu.

Basi yatupasa kufanya nini?

Kwanza, moto uwekwe chini ya amri ya watu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekwisha kuweka masharti juu ya kuchoma moto. Kinachotakiwa ni vijiji kuisimamia. Pale ambapo moto hauna budi, uwashwe mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, kwa siku iliyopangwa na kwa ulinzi wa watu wazima, wala si Septemba upepo ukivuma. Wala tusikimbilie kumnyooshea kidole jirani wa Kongo. Upepo wa miezi ile hutoka kusini-mashariki, na upande huo ni nchi yetu na Zambia.

Pili, watafiti wetu wa Kigoma wapewe vyombo na watu wa kupima kila mwezi kinachoshuka kutoka hewani, mvua kwa mavumbi, na chuma kikiwemo, sambamba na kupima maji na samaki. Chombo cha kukinga mvua na karatasi ya kunasa vumbi si vitu vya gharama kubwa kama meli. Kazi yake ni uvumilivu: mwaka baada ya mwaka bila kukatika. Wageni wanaokuja kwa miezi miwili na kuondoka na chupa zao twawakaribisha, lakini daftari la ziwa lazima likae kwa mwenye ziwa.

Tatu, nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya kulilinda mwaka 2003, na kutokana nayo ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Nchi hizo zimejua kukubaliana juu ya kupumzisha uvuvi. Zikubaliane pia juu ya msimu wa moto, maana moshi hauonyeshi pasi mpakani.

Nne, yanayogunduliwa yasifungiwe katika vitabu vya lugha ngeni. Yasomwe mialoni, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi na wachuuzi. Mtu aliyeambiwa asivue kwa miezi 3, akatii na familia yake ikafunga mkanda, ana haki ya kujua kila sababu inayopunguza samaki wake, wala si ile moja inayomhusu yeye.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Njiti moja ya kiberiti itupwayo porini Uvinza mwisho wa kiangazi huunguza shamba la jirani, huvukiza ziwa, na kuingia katika sahani ya mtu aliye mbali ambaye hakuuona moto wenyewe. Tumekwisha kuwataka wavuvi watunze ziwa kwa kuweka nyavu zao chini. Sasa ni zamu ya sisi tulio nchi kavu kuweka chini viberiti vyetu.